Kitongoji Nilichokifuta Kwenye Ramani

Wanangu, mwezi uliopita nilifuta kitongoji kizima kwenye ramani. Leo kitongoji kimepanda lori la fuso, kikaja kunitazama usoni.

Naomba mtu asicheke kabla sijamaliza. (Mkianza sasa mtaishiwa pumzi, maana huko mbele ndiko kubaya zaidi.)

Kwa wasionijua, nasoma kidato cha tatu hapa Makambako. Mama yangu ana mgahawa kando ya barabara kuu, ule wa ugali, nyama na maharage, ambao madereva wa malori wanaufahamu vizuri. Niseme walikuwa wanaufahamu. Nyuma ya mgahawa, ng'ambo ya korongo, ndiko taka za mji zinakomwagwa. Nilipokuwa mdogo zilikuwa kichuguu. Siku hizi ni mlima, na mlima wenyewe unaungua chinichini, hata mvua inyeshe hauzimiki. Upepo ukigeuka, moshi unaingia jikoni kwa mama na kukaa. Nzi ndio usiseme. Dereva anaagiza, anafukuza nzi kwa mkono wa kushoto, anakula kwa wa kulia, anashukuru, na humwoni tena. Mama halalamiki. Anafunika masufuria, anafuta meza, anafuta tena. Sasa hiyo ya kufuta tena ndiyo ilikuwa inaniuma.

Kwa hiyo Mwalimu Sanga, mwalimu wetu wa Jiografia, alipotuambia kwamba linatafutwa eneo jipya la dampo na klabu yetu ya somo hilo imeombwa kusaidia kutengeneza ramani, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafika mwisho wa sentensi. Nikajiapia: dampo lile litahama, na mimi ndiye nitakayelihamisha. Kwa kompyuta. Bila kugusa hata ganda moja la ndizi.

Tukapelekwa Njombe kujifunza. Baridi ya Njombe mnaijua, vidole vinagoma kubonyeza. Afisa mazingira, dada mmoja mpole aliyevaa sweta juu ya sweta, akatufungulia programu na kutueleza. Unachukua picha ya satelaiti. Juu yake unatandika tabaka moja baada ya jingine, kama mtu anayetandika mablanketi: tabaka la mito, la barabara, la miteremko, la makazi ya watu. Halafu unaiambia kompyuta masharti yako. Dampo lisikae karibu na mto. Lisikae karibu na nyumba. Lisikae kwenye mteremko mkali. Lisiwe mbali sana na barabara, ili gari la taka lifike. Kompyuta inajumlisha yote na kupaka rangi. Nyekundu, hapafai. Kijani, panafaa.

Nikaipenda programu ile kuliko ninavyowapenda baadhi ya ndugu zangu.

Ila ilikuwa na udhaifu mmoja. Satelaiti inaona bati, haioni kama chini ya bati kuna mtu. Na huku kwetu nyumba zilizoachwa zipo nyingi, wenyewe wamehamia mjini kufanya biashara ya mbao na parachichi. Kwa hiyo lazima mtu afike kwa miguu yake na simu mkononi. Kwenye kila nyumba anaweka alama, anachagua INAKALIWA au HAIKALIWI, anapiga picha, anasonga mbele. Mwalimu akatugawia maeneo. Mimi nikapewa Ivangala, kitongoji kidogo nje ya mji, kwenye vilima vya miti ya mipaini.

Sasa sikilizeni ujinga ulipoanzia.

Siku ya kwenda Ivangala ilikuwa Jumamosi. Asubuhi nikamkuta mama amevaa kitenge chake cha misibani. Kuna katekista mmoja mzee aliyewafundisha dini watu wengi wa huku, mama akiwemo, alikuwa amefariki na siku hiyo anazikwa kwao Mdandu. Mama akaniambia nijiandae twende wote. Mimi misiba siipendi. (Najua hakuna anayeipenda, lakini mimi huwa nakabidhiwa shoka nikifika tu, na napasua kuni mpaka jeneza linashushwa.) Nikamwambia nina kazi ya shule. Akauliza ni kazi gani hiyo ya shule Jumamosi. Nikamwambia ni ile ya kuhamisha dampo.

 Akanitazama kama mtu anayetaka sana kuamini kitu. Akasema, "Haya. Kaifanye vizuri basi."

Akaondoka. Nami nikaanza kuifanya vizuri kwa kurudi kulala.

Nilifika Ivangala kwa baiskeli, jua likiwa limeshapanda. Kimya. Nikabisha nyumba ya kwanza, kimya. Ya pili, kufuli. Ya tatu, kufuli kubwa zaidi. Mlango wa nne sikubisha, nilishajiona mtaalamu. Nikasimama katikati ya njia nikasikiliza. Hakuna redio, hakuna mtoto anayelia, hakuna moshi unaotoka jikoni. Nikafikiri labda wako mashambani, maana ilikuwa wakati wa palizi. Nikapanda mwinuko nikatazama mashamba yote ya bondeni. Hakuna hata mgongo mmoja ulioinama.

Mtu mwenye akili angejiuliza: hivi watu wa hapa, katikati ya palizi, ni kitu gani kinaweza kuwatoa shambani wote siku moja? Mtu mwenye akili hakuwepo. Nilikuwepo mimi.

Nikafikia uamuzi wa kisayansi: Ivangala wamehama.

Nikaanza kubonyeza. HAIKALIWI. Picha. HAIKALIWI. Picha. Utamu wake ni kama wa kupiga muhuri. Nilipita uwanja wenye kuku wanaodonoa mahindi. Sikujiuliza mahindi kayamwaga nani. Nilipita kamba yenye kanga na suruali zilizoanikwa. Nikajisemea, hawa walihama kwa haraka. Mbwa mmoja alinifuata kutoka nyumba hadi nyumba akinibwekea kwa uchungu mkubwa. Nadhani alikuwa anajaribu kunieleza, lakini kwenye programu hapakuwa na sehemu ya maoni ya mbwa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa na mti wa pichesi mlangoni. Umezaa mpaka matawi yanagusa chini. Nikaona ni dhambi matunda yaozee kwenye nyumba iliyotelekezwa. Nikala. Nikala tena. Nilikula mpaka nikasikia furaha, na kwa furaha hiyo nikajipiga selfi mti ukiwa nyuma yangu. Halafu nikarudi mjini kifua mbele.

(Picha ya nyumba ile sikuwahi kuipiga. Nilidhani nimeipiga. Shikilieni hapo.)

Tulipoingiza taarifa kwenye kompyuta ya shule, aliyeshika mausi alikuwa Eze, rafiki yangu tunayekaa dawati moja. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, na Ivangala yote ikageuka kijani mbele ya macho yetu. Kijani kibichi, kama parachichi la kusafirishwa. Barabara ipo. Mto uko mbali. Udongo ni mfinyanzi, maji machafu hayapenyi ovyo. Na watu, sifuri. Eze akaniambia dampo halijawahi kupata kwao pazuri namna hii. Mwalimu Sanga ni mtu wa Makete, amehamishiwa kwetu juzijuzi tu na vitongoji vya huku bado havijui. Akaniuliza kama nina uhakika kwamba wote wameondoka. Nikamjibu kwamba nimefika kwa miguu yangu.

Hiyo ya kufika ilikuwa kweli.

Basi, ndiyo tukafika leo.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa shule. Afisa mazingira alikuja kutoka Njombe, na utaratibu ulikuwa kwamba wananchi wakiafiki eneo, pendekezo linapelekwa mbele, na dampo la nyuma ya mgahawa linaanza kufungwa. Mama alifunga mgahawa. Mama hafungi mgahawa hata akiwa na malaria. Alikuja na wenzake wa jumuiya ya kanisani, wakakaa mstari wa mbele, na kila aliyepita aliambiwa kwamba mwenye ramani ni yule pale, mwenye tai. (Tai ni ya baba yake Eze. Ilinifika karibu na magoti.)

Mara fuso ikaingia uwanjani. Wakashuka wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, vijana, bibi mmoja akisaidiwa kushuka kwa kiti. Wakajaza upande mzima wa kushoto. Nikafurahi. Nikajiambia kumbe habari za ramani yangu zimefika mbali. Nikawasalimia "Kamwene" kwa mbwembwe kama mbunge, nao wakaitikia vizuri tu, watu wa heshima zao.

Nikaanza. Nilieleza mablanketi ya tabaka, nikaeleza rangi, watu wakatikisa vichwa. Mzee mmoja wa upande wa kushoto, kofia mkononi, akaomba nimwonyeshe Ivangala iko wapi kwenye ramani hiyo. Nikachukua fimbo nikagonga palepale kwenye kijani.

"Ni hapa mzee wangu," nikasema. "Na uzuri wake ni kwamba hapa hakuna mtu. Nyumba zipo, lakini wenyewe walishahama zamani."

 Mtoto mmoja akacheka, akazibwa mdomo.

Mzee akasema kwa upole kwamba anaitwa Mlelwa, na kwamba yeye ni mwenyekiti wa kitongoji cha Ivangala.

Nikamuuliza, "Wa zamani?"

(Nisameheni. Ubongo ulikuwa umeshatangulia nje.)

"Wa leo asubuhi," akasema Mzee Mlelwa. Kisha akageuka nyuma. "Watu wa Ivangala, hebu simameni kijana awaone."

Wakasimama. Wanangu, upande mzima. Hata watoto wa mgongoni walionekana kama wamesimama. Viti vikalia kwa pamoja, na mimi nimeshika fimbo juu ya kijani kama mtu anayechoma nyama.

"Haya," mzee akasema. "Tuambie tumehamia wapi, na sisi tujue."

Mwalimu Sanga akainuka, akakohoa, akakaa. Afisa mazingira, kwa sauti ileile ya upole, akasema njia rahisi ni kufungua picha zilizopigwa kwenye kila nyumba. Nikamkonyeza Eze ajifanye mashine imekwama. Eze akadhani namwambia aanze.

Picha ya kwanza: kanga na suruali kwenye kamba. Mama mmoja akapaza sauti kwamba kanga ile ni yake, na suruali ni ya baba watoto wake, na kwa nini viraka vya mume wake vinaonyeshwa ukutani kama sinema. Mume wake, aliyekaa pembeni yake, akavuta koti lifunike magoti. Picha ya pili: kuku. Kijana mmoja akamtambua jogoo wake na kumtaja kwa jina. Picha ya tatu: yule mbwa, katikati ya kubweka, ushahidi umemjaa mdomoni.

Afisa akasoma tarehe chini ya picha. Mzee Mlelwa akaifikiria kidogo, halafu akaacha hata kutabasamu.

"Siku hiyo tulikuwa Mdandu, tunamzika katekista," akasema. "Yule mzee ametufundisha kusali wote tuliosimama hapa. Tulipanda fuso hiihii, mpaka watoto. Sasa nani angebaki nyumbani ashike jembe siku kama hiyo?"

Nilikuwa najua jibu. Najua tangu nikiwa mdogo. Siku ya kuzika hakuna anayelima, hakuna anayepika kwake, mlango unafungwa na watu wanakwenda. Kila mtu hapa anajua. Kompyuta ndiyo haijui, na mimi ndiye niliyepaswa kuiambia.

Mzee akaongeza, wala hakusema kwa ubaya, "Hata mama yake huyu kijana tulikuwa naye. Ametusaidia kupika. Tulimuuliza mwanawe yuko wapi, akatuambia kwa kujivuna kwamba amebaki na kazi ya shule."

Sikumtazama mama. Nilitazama tai.

Nikadhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Nikasema, "Eze, zima, inatosha." Lakini Eze ana kasoro moja, akianza kitu lazima akimalize. Akabonyeza ya mwisho.

Ukuta wote ukawa sura yangu.

Shavu limevimba. Pichesi moja mdomoni, nyingine mkononi, maji yake yanachuruzika hadi kwenye shati, vidole viwili juu, macho nimeyalegeza kama msanii. Na chini ya sura yangu, kwa herufi kubwa za programu: HAIKALIWI.

Mtu wa nyuma akauliza kama wanamaanisha nyumba au kichwa.

Ukumbi ulivunjika. Walicheka watu wa kushoto, wakacheka wa kulia, alicheka afisa mazingira ndani ya sweta zake, alicheka Mwalimu Sanga akijifanya anafuta miwani. Mtoto mmoja alicheka mpaka akatolewa nje. Eze naye alikuwa amelalia kibodi, na kila alipotikisika picha yangu ilizidi kuwa kubwa.

Aliyekuwa hacheki ni yule bibi aliyeshuka kwa kiti. Bibi Tumwene. Alijiinua taratibu, akausogelea ukuta, akanikagua pale juu, akageuka kunikagua huku chini, akahakikisha ni mimi.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nimetoka msibani nikakuta mbegu mlangoni kwangu. Nimewasema wajukuu wa Mlelwa mpaka wakaacha kuja kunichotea maji."

Akawaomba radhi wajukuu wa Mlelwa mbele ya watu wote. Wajukuu wakakubali kwa majivuno, wakanitazama mimi kama mwizi wa benki.

Afisa mazingira akatulia, akafunga laptopu ya shule mwenyewe. Akasema eneo la Ivangala linaondolewa. Taarifa ya nyumba haiaminiki tena, kwa hiyo hakuna pendekezo litakalopelekwa leo, na mkutano utaitwa tena tabaka la makazi likishafanywa upya na mtu mwingine.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonizindua. Nilikuwa nimeshapanga kutoka kwa mlango wa nyuma, nihamie Songea, nianze maisha mapya kwa jina la Festo. Lakini nikamwona mama. Alikuwa ameshashika mkoba wake, anajiandaa kurudi kufungua mgahawa, kwenye moshi uleule. 

Nikavua tai. Nikaomba nisikilizwe.

Nilisema kwamba nimekosa. Kwamba nilikimbia msiba kwa kisingizio cha kazi, na kazi yenyewe nikaifanya kama mtu anayekimbia msiba. Nikaomba asipewe mtu mwingine. Nitarudi Ivangala nyumba kwa nyumba, na vitongoji vyote vilivyobaki, hata kama ni mpaka likizo, kwa sababu dampo lile liko nyuma ya jiko la mama yangu na nimeapa litahama. Nikamwomba radhi Bibi Tumwene kwa pichesi. Nikasema zilikuwa tamu. (Hiyo haikuwa lazima. Ilitoka yenyewe.)

Mzee Mlelwa akavaa kofia yake.

"Sisi moshi wa mama yako tunaujua, huwa tunakula pale," akasema. "Hata sisi tunataka taka ziondoke pale. Ila usizilete kwetu kwa kutuhesabu kama tumekufa."

Afisa akamgeukia Bibi Tumwene, kama kumwachia yeye aamue. Bibi akasema nije. Kesho ni Jumamosi, hakuna msiba, wote wapo. Ila simu nimkabidhi yeye kwanza pale mlangoni, aone inavyopiga picha, maana na yeye anataka ya kwake, na safari hii mbegu nizitemee pembeni.

Wakapanda fuso wakaondoka. Nasikia mpaka inakunja kona ya barabara kuu walikuwa bado wanaigiza vidole viwili.

Jioni hii nimekaa jikoni kwa mama. Upepo umegeukia kwetu, kama kawaida. Nimepasua kuni zote za nyuma bila kutumwa, nimeosha masufuria yaliyokuwa safi, nimefuta meza, nikafuta tena.  Mama alihudumia dereva mmoja aliyebaki, akamtoa hadi nje, akarudi, akafunika ugali. Nikawa nasubiri hotuba. Nilijiandaa kwa ile ndefu, inayoanzia siku niliyozaliwa.

Haikuja. Alinawa mikono, akajifuta kwa kanga, akaniambia:

"Kesho uanzie kwa Bibi Tumwene. Kila nyumba upige hodi, ukikaribishwa ukae, ukipewa chakula ule umalize. Mimi sikupikii. Ukirudi hapa una njaa, nitajua hukufika."